Alhamisi ya Mizunguko: Barua Kutoka Wodonga



Kila tunapopiga simu Bukavu, swali ni lile lile: "Huko Australia mnafanya nini kutwa nzima?" Picha tunazotuma zinaonyesha gari, jaketi nzito, na watoto wenye sare ya shule. Hazionyeshi mizunguko. Leo tunawaletea siku moja tu, Alhamisi moja ya mwezi wa nane, vile ilivyotupitia toka asubuhi mpaka jioni. Tumeichagua siku hiyo kwa sababu ndani yake kuna jambo tunalotaka mlizungumze katika vikundi vyenu. Jambo hilo linawagusa ninyi mlioko nyumbani sawasawa na sisi tulioko mbali.

Sisi ni watatu. Wa kwanza ni Shangazi, ambaye amepita miaka 60, na ambaye alikaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu huko Tanzania kabla ya kuletwa huku. Wa pili ni Mama Mapacha, mwenye permi ya kuendesha gari. Wa tatu ni Mwalimu, aliyepata diploma yake ISP Bukavu, akafundisha masomo ya msingi, na ambaye hapa anasaidia watoto wageni kusoma katika shule moja ya mtaani. Mwalimu ndiye anayeshika kalamu, lakini maneno ni yetu sote. Tumeyasoma kwa sauti mezani kabla ya kuyatuma.

Kwanza mjue mahali. Wodonga ni mji mdogo wa jimbo la Victoria. Ng'ambo ya mto Murray kuna mji mwingine, Albury, ambao uko katika jimbo la New South Wales. Wenyeji wanaitaja miji hiyo miwili kama mmoja: Albury-Wodonga. Mtu wa Bukavu ataelewa upesi, sababu ni kama sisi na Kamembe, Ruzizi ikiwa katikati. Tofauti ni kwamba hapa darajani hakuna anayekuuliza kibali. Mtu analala upande huu na kufanya kazi upande ule. Lakini mwezi wa saba mwaka 2020, wakati wa Covid, polisi walisimama darajani, na mpaka ukafungwa hadi mwezi wa kumi na moja. Wenyeji walishangaa sana, maana jambo hilo lilikuwa halijaonekana tangu homa kubwa ya mwaka 1919. Sisi tulikuwa tunajua habari ya mto na askari. Mwaka ule ule ndugu zetu wa Bukavu na Goma walikuwa wanatazama ng'ambo bila kuvuka.

Wakongomani hapa si wachache. Ukiingia dukani unaweza kusikia Kiswahili, Mashi, Kibembe au Kifuliru kabla hujafika kwenye viazi. Lakini dirishani, pale pa kulipa, pa kusaini na pa kuuliza, lugha ni moja tu, Kiingereza. Hapo ndipo shida ya mama inapoanza.

Tunafanya mizunguko Alhamisi kwa sababu siku hiyo Mama Mapacha hana kazi. Mwezi wa nane huku ni baridi. Majira yao yamegeuka, joto kali linakuja Desemba na Januari. Asubuhi ile kioo cha gari kilikuwa kimefunikwa na umande ulioganda, mweupe kama chumvi. Mama Mapacha alikuwa anaukwangua kwa kadi ya zamani ya plastiki, huku sisi wengine tunawafunga watoto. Hapa mtoto ambaye hajatimiza miaka 7 lazima awe na kiti chake maalum ndani ya gari, na kila mmoja ana mkanda wake. Hakuna kubeba mtoto magotini, hata kama safari ni ya dakika mbili.

Wakati huo mjukuu wa Shangazi, kijana wa miaka 12, alitoka nyumbani amevaa shati lake la sherehe. Sare ya shule hakuivaa. Tulijua sababu. Saa nane mchana Shangazi alikuwa na miadi kwa munganga, na siku iliyotangulia mtu wa kliniki alikuwa amesema kwa simu: "Njoo na mjukuu wako, Kiingereza chake ni kizuri." Kijana alifurahi. Kukosa hesabu na kusifiwa pamoja, ni mtoto gani atakataa?

Shangazi alimtazama toka viatu mpaka kola.

"Baba, rudi uvae sare. Leo unaenda masomo."

"Na nani atakusemea, Koko?"

"Nitasema mwenyewe. Mwenye kazi ya kutafsiri ataifanya."

Kijana alitugeukia sisi akitafuta msaada. Hatukumsaidia. Alirudi ndani, akatoka na sare, uso umefura. Saa tatu kasoro dakika kumi tulimshusha mlangoni pa shule pamoja na wadogo zake.

Kutoka hapo Mwalimu alishika usukani. Mbele na nyuma ya gari tulibandika alama ya L, nyeusi juu ya rangi ya njano, ambayo inawajulisha wengine kwamba anayeendesha bado anajifunza. Pembeni yake lazima akae mtu mwenye permi kamili, na huyo ni Mama Mapacha. Katika jimbo la Victoria kijana ambaye hajafika miaka 21 anatakiwa kuandika katika kitabu saa 120 za mazoezi kabla ya mtihani wa barabarani. Mtu mzima hadaiwi kitabu hicho, lakini mtihani hauna huruma kwa yeyote. Hapa wanaendesha upande wa kushoto, nasi tumezoea kulia. Na kwenye mizunguko ya barabara, ile ya duara, mji huu umejaa. Kila tukiingia kwenye duara Mama Mapacha anasema kwa upole: "Kulia kwako, Mwalimu, tazama kulia kwako." Shangazi aliyekaa nyuma hasemi kitu, lakini anashika kiti kwa mikono miwili.

Usione permi ni anasa. Basi zipo, lakini ni chache, na Jumapili zinapungua zaidi. Mama asiyeendesha anangoja mume, au anangoja mtoto afikishe miaka 18, umri ambao jimbo hili linampa permi ya kwanza. Tumeona wamama wakiomba ruhusa kwa watoto wao ili wafike sokoni. Tulikata shauri kwamba katika likelemba yetu pesa ya zamu mbili kila mwaka itaenda kulipa masomo ya kuendesha ya mama mmoja. Mama Mapacha alikuwa wa kwanza. Mwalimu ni wa tatu.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa cha chupa. Hapa chupa tupu na makopo ya vinywaji yana bei. Unaleta, unaziingiza katika mashine moja moja, na kila moja inakupa senti 10. New South Wales walianza mwaka 2017, na Victoria walifuata mwezi wa kumi na moja mwaka 2023. Majirani wanatuwekea za kwao mlangoni, watoto wanaokota za uwanja wa mpira. Siku hiyo tulikuwa na magunia mawili. Mashine ilihesabu 140, ikatoa karatasi ya dola 14. Hiyo ndiyo pesa ya kadi za simu na ya maua ya mfiwa, na inaingia katika daftari letu. Msidharau senti. Ila mshangae na hili: senti 1 na senti 2 ziliondolewa katika nchi hii tangu mwaka 1992, kwa hiyo ukilipa kwa fedha mkononi hesabu inazungushwa hadi senti 5 iliyo karibu. Shangazi aliuliza zamani: "Na ile senti iliyobaki inaenda wapi?" Mwalimu aliifanya kuwa somo la hesabu kwa watoto, wakaona kwamba siku nyingine unapoteza mbili, siku nyingine unapata mbili.

Kituo cha pili kilikuwa cha karatasi. Mama Mapacha anataka kazi ya kutunza wazee. Kazi hiyo inadai cheti cha polisi kwamba huna kosa, na cheti hicho kinadai uthibitishe kwanza kwamba wewe ni wewe. Hapa uthibitisho unahesabiwa kwa pointi, kama mtihani, na unatakiwa ufikishe 100. Cheti cha kuzaliwa ni pointi 70. Pasipoti ni 70. Permi ya kuendesha ni 40, na kadi ya matibabu ni 25. Hakuna karatasi moja inayotosha peke yake. Mama Mapacha aliweka mezani cheti chake cha uraia na permi yake, akapita. Tulimpigia makofi pale pale, mpaka mtu wa dirishani naye akacheka.

Lakini cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho. Shangazi hana. Katika likelemba yetu kuna wamama watano ambao, kwa karatasi, wote wamezaliwa tarehe 1 Januari. Hawakuzaliwa siku hiyo. Walipofika mbele ya mtu wa fomu kambini, hawakuwa na karatasi yenye siku wala mwezi, na mtu wa fomu aliandika siku ya kwanza ya mwaka. Kila mwaka mpya tunawaimbia wote watano kwa keki moja, tunacheka, na kicheko hicho kina kitu kinachouma ndani yake. Mama mmoja kati yao anakumbuka kwamba alizaliwa wakati wa kuvuna maharagwe. Mashine haina sehemu ya kuandika maharagwe.

Saa sita kasoro tuliingia katika duka la nguo za chagua, zile ambazo wengine wanaita mitumba. Hapa nguo hizo hazifiki kwa mabalo. Watu wa mji wenyewe wanazileta, wazee wanaojitolea wanazipanga na kuziuza, na faida inaenda kwa wenye shida. Tulitafuta masweta ya watoto na sufuria nzito ya bugali, maana sufuria nyepesi za hapa zinapinda ukisonga kwa nguvu.

Dirishani alikaa bibi mmoja mzee sana, mwenye nywele nyeupe na mikono ya mtu aliyefanya kazi. Alituuliza tunatoka wapi. Tulipojibu Kongo, alisema yeye pia alikuja na sanduku moja. Alitaja Bonegilla.

Bonegilla iko karibu na mji huu, upande wa mashariki. Ilikuwa kambi ya askari, na baada ya vita vikuu vya pili ikawa kambi ya kupokea wageni. Kuanzia mwaka 1947 hadi 1971 walipita pale watu zaidi ya 300,000, wengi wao kutoka Ulaya: Wapolandi, Waitalia, Wagiriki, Wajerumani, na wengine wengi. Nyumba chache za mbao bado zimesimama, na watu wanaenda kuzitembelea. Hivyo mji huu mdogo ambao tunaona ni wa Wazungu watupu umejaa wajukuu wa watu wa kambi. Na kabla ya hao wote ulikuwa na wenyeji wake wa asili, kama Wawiradjuri wa upande wa Albury, ambao wapo mpaka leo.

Bibi yule alifika Bonegilla akiwa msichana mdogo, wazazi wake wakitoka Italia. Alijifunza Kiingereza upesi kuliko mama yake. Tulimwambia kwamba siku ile tulikuwa tunaenda kliniki na Shangazi. Akauliza: "Nani anamtafsiria?" Mwalimu alimweleza habari ya mjukuu na sare. Bibi aliiweka chini ile sweta aliyokuwa anaikunja. Akatuambia polepole, Mwalimu akiwageuzia wenzake neno kwa neno:

"Nilikuwa na miaka tisa. Munganga aliniambia mimi, nimwambie mama, kwamba mtoto wa tumboni amekufa. Mimi nilijua kabla ya mama. Nilijua kabla ya baba. Sikujua neno lake kwa Kiitalia, kwa hiyo nilisema 'amelala.' Mama alifurahi. Munganga hakuelewa kwa nini anafurahi. Miaka karibu 70 imepita, na uso ule wa furaha bado ninauona."

Hakuna aliyejibu. Shangazi alimshika mkono juu ya meza, wakakaa hivyo kidogo, wazee wawili wasio na lugha moja. Kisha bibi alitupimia sufuria, akakataa kulipwa, na sisi tukakataa kuichukua bure. Mwishoni alikubali nusu ya bei.

Tulikula ndani ya gari, mandazi na chai ya thermosi, kando ya mto. Miti mikubwa ya mikaratusi ilisimama kimya ndani ya baridi. Ni ile ile ambayo kwetu tunaikata kwa kuni, lakini hapa ndiko asili yake. Wakati mwingine tunacheka tukifika mto huu, lakini mchana ule Shangazi alisema neno moja tu: "Mmesikia?" Tukasema tumesikia.

Saa nane tulikuwa kliniki. Kijana wa mapokezi alituangalia, akaangalia nyuma yetu, akauliza mjukuu yuko wapi. Shangazi ana Kiingereza kidogo, lakini sentensi moja alikuwa ameifanyia mazoezi wiki nzima mbele ya kioo, na Mwalimu alimkataza kuisoma kwenye karatasi. Aliisema akiwa amesimama wima, kikwembe chake kimefungwa vizuri: anaomba mkalimani wa Kiswahili, mwanamke, kwa simu.

Wamama, shikeni namba hii, mwiandike ukutani na mwitume kwa kila dada aliye Australia: 131 450. Ni huduma ya taifa ya wakalimani. Inafanya kazi mchana na usiku. Munganga anaipiga, mkalimani anaingia kwenye simu, na mgonjwa halipi. Mtu anaweza kuomba mwanamke. Mkalimani huyo yuko mbali, pengine Melbourne, pengine Brisbane. Hamjui Shangazi, hatakutana naye msibani wala harusini, na sheria ya kazi yake inamfunga mdomo. Katika mji mdogo kama huu, ambapo sisi wote tunajuana mpaka majina ya kuku tulioacha nyumbani, umbali huo ni dawa.

Kijana wa mapokezi alisema itabidi kungoja, kwa sababu haikuandikwa mapema. Akauliza kama Mwalimu hawezi kuingia kutafsiri, ili twende haraka. Mwalimu anaweza. Kiingereza chake kinatosha. Wote tulimgeukia Shangazi. Akasema kwa Kiswahili: "Mwambie nitangoja."

Tulingoja dakika arobaini. Mama Mapacha alisinzia. Mwalimu alisahihisha maandishi ya watoto. Shangazi alikaa mikono magotini, hatuku­muuliza kitu. Alipoitwa, alisimama akaenda peke yake.

Mlango haukufungwa mara moja, kwa hiyo salamu tulizisikia. Mkalimani alikuwa mama wa pwani, Kiswahili chake laini kama mafuta. Shangazi alimwambia: "Munganga wa kambi alinipa vidonge." Mkalimani akauliza kwa heshima: "Samahani mama, mganga wa kienyeji?" Shangazi akacheka: "Hapana, dada yangu! Daktari! Kwetu Kongo daktari ndiye munganga." Wakacheka wote wawili, mmoja chumbani na mwingine mbali sana, na munganga mwenyewe akicheka bila kujua sababu. Kisha mlango ulifungwa.

Alikaa ndani karibu saa moja. Alitoka na karatasi mbili, akazikunja mwenyewe, akazitia ndani ya mkoba wake, akafunga zipu. Mpaka leo hatujui alisema nini mle ndani, wala munganga alijibu nini. Alipenda kutuambia jambo moja tu: "Miaka yote hii ninatibiwa, leo ndiyo mara ya kwanza nimesema yote."

Fikirieni neno hilo. Mama ambaye amezaa mara saba, amevuka ziwa usiku, amekaa kambini, na hajawahi kusema yote kwa munganga. Si kwamba alikosa maneno. Kiswahili chake kinatushinda sisi. Lakini kila mara alikuwa na mtu katikati: mume, jirani, binti, mjukuu. Kuna maumivu ambayo mama hawezi kuyapitisha katika mdomo wa mtoto wa miaka 12. Anaacha nusu. Munganga anatibu ile nusu aliyosikia.

Na mtoto je? Anayekuwa mdomo wa nyumba anaanza kuwa mkubwa wa nyumba. Yeye ndiye anasoma barua ya shule inayomlalamikia, na anaisoma vile anavyotaka. Yeye ndiye anajua deni la umeme. Jioni mama akimwambia "lala," mtoto anakumbuka kwamba mchana alikuwa anamwongoza. Wengi wa watoto hawa ni wazuri, wanasaidia kwa moyo. Lakini mzigo wa mtu mzima juu ya kichwa cha mtoto unamkunja shingo, kama ndoo ya maji iliyojaa kupita nguvu zake. Mwalimu anawaona darasani: wale wanaokosa masomo kila wiki kwa kusindikiza wazazi, wanarudi wamechoka na wamejua mambo ambayo hawawezi kumwambia rafiki.

Tulimaliza mizunguko haraka, maana maduka mengi ya hapa yanafunga saa kumi na moja na nusu jioni. Katika duka la vyakula vya Waasia tulichukua sombe iliyogandishwa, na unga wa muhogo kwa Mwafrika mwenzetu mwenye kaduka kadogo. Tulilipa kwa noti ya dola 50. Mitazame siku moja mkiipata. Upande mmoja kuna David Unaipon, mwandishi na mvumbuzi wa wenyeji wa asili. Upande wa pili kuna mama, Edith Cowan, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika bunge hapa Australia, mwaka 1921, katika jimbo la Western Australia. Noti za 10, 20 na 100 nazo zote zina mwanamke upande mmoja. Shangazi anapenda kuitazama noti kabla ya kuitoa. Anasema: "Huyu hakutuma mtu amsemee."

Saa tisa na nusu Mama Mapacha alikuwa amekimbia kuwachukua watoto shuleni. Kijana aliingia garini kimya. Baadaye kidogo akauliza: "Koko, uliweza?" Shangazi akajibu: "Niliweza. Na wewe hesabu uliiweza?" Kijana akasema alipata nane kwa kumi. Akaomba ndazi lililobaki. Uso wake ulikuwa uso wa mtoto.

Saa kumi na moja jioni tuliwapigia ninyi. Kwenu ilikuwa saa tatu asubuhi, jua limeshapanda juu ya ziwa. Mlituuliza kama kawaida: "Leo mmefanya nini?" Tukasema: "Mizunguko tu." Sasa mmejua kilichomo.

Tunayoomba vikundi vyenu ni mambo matatu, na yote yanafanyika pale pale mlipo bila tikiti ya ndege.

La kwanza, waandikisheni watoto. Sheria ya familia ya nchi yetu, ilivyorekebishwa mwaka 2016, inatoa siku 90 baada ya kuzaliwa, na katika siku hizo kuandikisha ni bure. Kila kikundi kiwe na mama mmoja anayehesabu siku za watoto wapya wa avenyu yake, na kuwasindikiza wazazi kwa ofisi ya etasivili. Cheti hicho kitunzwe mbali na maji na panya. Hamjui ni dirisha gani la dunia litakalokiuliza.

La pili, someni. Wapo kati yenu wamama ambao hata leo wanamtuma mtoto dispansari na karatasi ya munganga, ili mtoto awasomee ugonjwa wao. Hilo ni lile lile la bibi wa Bonegilla, na hakuna bahari katikati. Darasa la kusoma halitaki jengo. Linataka mama mmoja aliyemaliza shule, ubao, na saa mbili kwa wiki. Kama hakuna ubao, tuandikieni. Daftari letu la chupa litaona la kufanya.

La tatu, mpaka mama ajue kusoma, aende na mama mwenzake anayejua kunyamaza. Wachagueni wawili katika kila kikundi, watu wazima, waape mbele ya wenzao kwamba ya kliniki yatabaki kliniki. Mtoto abaki shuleni.

Wiki ijayo Mwalimu ana mtihani wa kuendesha. Shangazi ameshasema kwamba hatakaa kiti cha nyuma.

Tunawakumbatia,
Wamama watatu wa Wodonga